Kabla ya kununua taa ya mtumba, imwagie maji kwanza ile uliyonayo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji wa Tabata aliyeandika hivi karibuni kwamba madereva wa siku hizi hawana adabu, wanawasha fulu usiku kucha kwenye barabara ya Morogoro na kuwapofusha wenzao. Nakubaliana naye nusu. Wasio na adabu wapo, na hao hawaponi kwa barua. Lakini wengi wanaomuumiza macho wamewasha dimu kama inavyotakiwa, ila vioo vya taa zao vimeota ukungu. Mwanga ukipita kwenye ukungu hauendi ulikoelekezwa, unatawanyika juu na pembeni. Mwenye gari haoni njia, na anayekuja mbele yake naye haoni.

Mimi ni mpaka rangi za magari. Gereji yangu iko Msamvu hapa Morogoro, na vijana wa jirani wananiita Mama Msasa, jina nililolikataa mwanzoni hadi nikachoka kukataa. Magari ya kwenda Dodoma na ya kwenda Iringa yanagawana njia hapa kwetu, kwa hiyo taa za kila aina nazishika: Noah, Raum, IST, Premio, Harrier, Fuso za mchanga. Ninayoandika ni ya mikononi mwangu.

Wazee wanaokumbuka Peugeot 504 na Land Rover 109 husema taa za zamani hazikuwa na ugonjwa huu. Kweli kabisa, kwa sababu zile zilikuwa za kioo chenyewe. Jiwe likirushwa na lori, kioo kinapasuka, lakini jua halikifanyi kitu. Baadaye watengenezaji wakahamia plastiki inayoitwa polikaboneti. Ni nyepesi, inakubali kukunjwa umbo lolote la bampa, na jiwe likiigonga haipasuki kirahisi. Marekani sheria yao ilifungua mlango kwa taa za namna hiyo mwaka 1983, na baada ya hapo karibu dunia nzima ikafuata. Sisi tumeendelea kuita "kioo cha taa" ingawa kioo hakipo tena.

Plastiki hii ina udhaifu wa aina mbili: inakwaruzika upesi, na mionzi ya jua inaichoma ikawa ya njano. Ndiyo maana kiwandani huipaka utando mwembamba, mgumu, usiouona kwa macho, wa kuikinga. Utando huo una umri wake. Ukianza kuliwa, unaanzia juu ya taa, pale panapotazama mbingu, kisha unashuka. Angalia gari lolote linaloegeshwa uelekeo mmoja kila siku kazini: taa inayopigwa na jua la mchana ni mbovu kuliko mwenzake. Na magari yetu mengi yanashuka bandarini yakiwa yameshakula miaka yake Japani. Utando umetumika kwa watu, sisi tunapokea masalia na kuyaanika kwenye jua la Morogoro na Dodoma. Mwenye gari hashtuki kwa sababu giza linaingia polepole, kama mtoto wa jicho. Anadhani barabara imekuwa nyeusi, au balbu imechoka, au yeye mwenyewe amezeeka.

Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa za namna hii. Taa zilizochakaa zilitoa kama moja ya tano tu ya mwanga wa taa mpya. Zilizosuguliwa na kung'arishwa zilifika karibu asilimia 70. Mpya za kiwandani, bila shaka, zilirudisha mwanga wote. Nayataja haya kwa sababu wateja wangu husema, "Mama, si inawaka?" Inawaka, ndiyo. Sasa chukua huo moja ya tano uende nao Mikumi saa mbili usiku, barabara inapopita katikati ya hifadhi. Mwili wa nyati ni mweusi, haurudishi mwanga mwingi. Au shuka mlima Kitonga ukakute lori limekufa kwenye kona, dereva wake ameweka matawi ya miti badala ya pembetatu. Matawi utayaona ukiwa juu yake.

Watu wanafanya nini wakigundua? Wa kwanza wanabadili balbu. Taa nyingi hapa zinatumia balbu ya H4, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Dukani wanapewa ya wati 100, wanaambiwa "hii kiboko". Mwanga ukiongezwa nyuma ya ukungu, kinachoongezeka zaidi ni huo unaotawanyika, na ndio unaomtesa msomaji wa Tabata. Halafu joto linababua ile rangi ya fedha iliyoko ndani ya taa, soketi inayeyuka, waya zinaanza kunuka. Nimefungua taa nikakuta nyuma ya balbu pamekuwa peusi tupu. Hiyo hata nikiisugua nje mpaka kesho haitatoa mwanga.

Wengine wanapaka dawa ya meno. Sina ugomvi na dawa ya meno, ina chembe laini za kusugua na kweli inaondoa ukungu wa juu juu. Jumamosi gari linang'aa, mwezi haujapita limerudi palepale, maana umeondoa uchafu hujaweka kinga. Dawa ya mbu ndiyo inayonikera. Vijana wa kuosha magari wanaipulizia kwenye taa, wanafuta kwa kitambaa, taa inakuwa angavu mbele ya mteja, wanalipwa. Kilichotokea ni kwamba dawa imeyeyusha ngozi ya plastiki. Baada ya muda inajaa nyufa ndogondogo kama nywele, na nyufa hizo zinaingia ndani, msasa hauzifikii. Thina na petroli ni hivyohivyo. Kuna pia wale wenye kikombe cha umeme kinachochemsha dawa, mvuke wake ukigusa taa inang'aa papo hapo. Inapendeza kuitazama. Ule mvuke ni sumu, na nimewaona wakiufanya ndani ya kibanda kilichofungwa, mtoto wa mtu amesimama pembeni anashangaa. Na taa yenyewe inabaki bila kinga vilevile.

Ushauri wangu kwa mwenye gari, kabla hajampa mtu hela, ni huu: chukua maji, mwagia taa. Ikiwa inakuwa angavu wakati imelowa, na ukungu unarudi ikikauka, basi ugonjwa uko nje na unatibika. Maji yanajaza mikwaruzo kwa muda mfupi, yanakuonyesha taa itakavyokuwa. Ikibaki na ukungu hata ikiwa imelowa, ugonjwa uko ndani: ama unyevu umeingia kwa sababu gundi ya kuzunguka taa imeachia, ama kile kitundu cha kupumulia kimeziba, ama rangi ya fedha imeungua. Hapo fundi akikuambia atasugua, mwambie asante.

Kazi yenyewe haina siri. Naosha taa kwa sabuni, nazungushia tepu ya karatasi ili nisikwaruze boneti na madigadi, kisha naanza na msasa wa maji. Taa mbaya sana naanza namba 400 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), ya kawaida naanza 600 au 800, daima nikilowesha. Mwanzoni maji yanashuka ya njano. Hayo ndiyo mabaki ya utando wa kiwandani yanatoka, na hapa ndipo mafundi wengi wenye haraka wanaharibu. Wanaacha vipande vya utando wa zamani, halafu wanashangaa taa ikiota mabaka. Nasugua mpaka maji yawe meupe kila mahali, kona zote, hata ile ya chini iliyojificha nyuma ya bampa. Nabadili mwelekeo kila ninapobadili msasa, ili nione kama mikwaruzo ya msasa uliopita imekwisha.

Nikifika namba 1000 nasimama. Mteja akija saa hiyo ananuna, kwa sababu taa imekuwa nyeupe yote, balbu haionekani. Mzee mmoja wa Kihonda aliniambia, "Binti yangu, nimekuletea taa yenye ukungu, sasa umenipa ukungu wenye taa." Nilimwomba anywe soda asubiri.

Kuna njia mbili kutoka hapo. Ukienda mpaka 2000 na 3000, ukamaliza kwa kompaundi na mashine ya polishi, taa inang'aa vizuri, lakini iko uchi. Miezi michache ya jua na umerudi. Mimi napuliza klia, ile rangi angavu tunayomalizia bodi, ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Klia ya magari ina dawa ya kuzuia mionzi ya jua ndani yake, na inahitaji plastiki yenye ukwaru kidogo ili ishike. Ukiing'arisha kwanza hadi iwe laini kabisa, klia itabanduka yenyewe. Nafuta kwa spiriti, si thina, nasubiri ikauke, napuliza mkono mwepesi wa kwanza, nangoja, kisha wa pili uliojaa. Hapo ndipo mzee wa Kihonda alipoacha soda yake. Klia inajaza ile mikwaruzo ya msasa yote kwa mara moja, na taa inafunguka mbele ya macho yako. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado huwa nasimama kuangalia.

Nafanya asubuhi kabla upepo wa kutoka Uluguru haujaanza kutembeza vumbi, na gari linalala hapo. Hadina ina kemikali inayoharibu mapafu, kwa hiyo kitambaa puani hakitoshi, inatakiwa barakoa yenye chujio. Vijana wanaonicheka nikiivaa nawaambia wakohoe wenyewe. Gharama ya kazi nzima kwangu haifiki nusu ya bei ya taa moja ya mtumba, na ikifanywa hivyo inakaa miaka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, maana ya msasa ningeweza kuyasema gereji.

Taa zinaibwa. Kila anayeegesha gari mjini anajua. Ndiyo sababu watu wa Dar es Salaam, na sasa hata huku kwetu, wanachora namba ya gari kwenye vioo, kwenye saidmira na kwenye taa. Na taa ikichorwa, mwizi anahitaji mtu wa kuifuta namba hiyo. Mtu huyo, Mhariri, ni mtu kama mimi. Msasa unaoondoa ukungu unaondoa na namba.

Anakuja kijana mtaratibu, taa mbili kwenye mfuko wa rambo. "Shikamoo mama." Marahaba. "Naomba unisafishie hizi." Gari liko wapi? "Liko kwa fundi mwingine, mama, limefunguliwa mbele." Nageuza taa, naona namba imechorwa, na klipu za nyuma zimevunjwa, hazikufunguliwa. Namwambia alete kadi ya gari, na namba ya kwenye kadi ifanane na ya kwenye taa. Wapo wanaoileta kesho yake, kumbe kweli gari liliharibika, nawafanyia na kuwaomba radhi. Wapo nisiowaona tena. Taa isiyo na gari wala kadi siisugui, hata iwe nyeupe haina mchoro. Nimepoteza wateja kwa hilo, tena wengine wana maneno makali, na jirani yangu anayesugua chochote ana foleni ndefu kuliko yangu.

Naomba mafundi wenzangu wanaosoma gazeti hili tufanye hivyo sote, kwa sababu mmoja akikataa peke yake mfuko unahamia kibanda cha pili. Na nawaomba wenye magari waone wanavyohusika. Taa yako imeota ukungu, unakimbilia mtumba, unapata ya bei rahisi isiyo na risiti. Huyo aliyeiuza kesho atahitaji nyingine. Taa nyingi zinazonunuliwa hivyo zingepona kwa maji, msasa na klia.

Kuhusu uchoraji wenyewe, vijana wa mashine wanachora katikati ya taa, kwa herufi kubwa, wanakata utando wa kinga, na njano inaanzia kwenye herufi. Mimi nachora kwa herufi ndogo pembeni chini, baada ya msasa na kabla ya klia, ili klia ipite juu ya mchoro na kuuziba. Tena narudia kwenye plastiki nyeusi ya nyuma, ambako jua halifiki. Kama taa yako haijaharibika, mwambie achore nyuma na kwenye ukingo, aiache sehemu ya mwanga.

Kununua kuna wakati wake. Nyufa zikiwa za ndani, rangi ya fedha ikiwa imeungua, masikio ya kufungia taa yakiwa yamekatika, nunua. Mwenye uwezo anunue mpya, na anayenunua mtumba adai risiti na alinganishe maandishi yaliyo kwenye kioo cha taa. Taa nyingi za Japani zina jina la kiwanda, Koito au Stanley, na namba. Ya kulia na ya kushoto zilingane. Kisha aulize gari lililotoa taa hiyo lilikuwa na usukani upande gani. Hili wauzaji hawalisemi. Sisi tunaendesha kushoto, na dimu ya gari la kwetu imetengenezwa ibaki chini upande wa kulia, anakotoka mwenzako, na kupanda kidogo kushoto, umuone mwenye baiskeli na mama mwenye ndoo kichwani. Dubai wanaendesha kulia, taa zao zinapanda kulia. Ukifunga hapa taa iliyochomolewa gari la huko, ukiwa na dimu yako ya halali unampiga mwenzako usoni, na hakuna kurekebisha kwa bisibisi kutakakogeuza hilo. Malori yenye usukani kushoto yanayotoka Rwanda, Burundi na Kongo kwenda bandarini yana shida hiyohiyo yakiwa kwetu, na madereva wake hawana kosa, kwao wanaendesha kulia. Kujua ni rahisi: simamisha gari usiku mbele ya ukuta, hatua saba au nane, washa dimu. Mstari wa mwanga unatakiwa kupanda upande wa kushoto.

Nimalizie na ombi kwa wakaguzi wa magari. Mara nyingi ninavyoona, ukaguzi wa taa ni kuwasha, kuzima, indiketa, breki, haya nenda. Gari lenye taa za njano tupu linapita, na gari lenye taa moja safi ambayo balbu imekatika asubuhi hiyo linazuiwa. Sisemi mashine za kupimia mwanga ziletwe kila wilaya, najua bei. Ndoo ya maji na ukuta mweupe vinapatikana kila kituo cha polisi nchini, na ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama ungeweza kuanza navyo. Dereva aoneshwe taa yake ikiwa kavu, kisha ikiwa imelowa, apewe siku kadhaa za kuirekebisha kabla ya kupewa stika ya ukaguzi. Wakitaka mtu wa kuwaonyesha namna ya kuangalia, nipo Msamvu, nafungua saa moja asubuhi.

Mama Msasa,
Msamvu, Morogoro